Namba Isiyojulikana Inamwita Binti Yangu Mke

Kama ndiyo kwanza unanifungua leo, karibu, sogeza kiti, aibu zangu ni za wote. Mimi ni mwalimu wa udereva. Nina mke mmoja, baba mmoja anayeishi chumba cha uani, na binti mmoja wa darasa la saba ambaye mtaa mzima unamwita Chiriku, kwa jinsi asivyojua kunyamaza.

Chiriku alipopewa simu na mama yake, mimi nikaitia programu ya kulinda watoto mtandaoni. Inafunga mitandao michafu, inazima simu saa ya kulala, inanionyesha kwenye ramani mtoto yuko wapi, na ikikutana na maneno ya hatari inanipigia yowe kwenye simu yangu. Chiriku akaipa jina siku hiyo hiyo: Shangazi, maana inapenda mno kujua mambo ya watu. Dada yangu wa damu aliposikia alininunia, na hadi leo salamu zake ni za juu juu.

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnajua yaliyonikuta. Shangazi aliniuliza, "Simu hii ni ya mzazi au ya mtoto?" Mimi nikabonyeza mtoto, kwenye simu yangu mwenyewe, nikidhani anauliza tunamlinda nani. Nikafungiwa mpira, nikalazwa mapema kama kuku, ruhusa nikawa naomba kwa mke wangu. Kisha Shangazi akaanza kuzuia ujumbe ninaowaandikia wanafunzi, kwa kuwa kila mara naandika "kanyaga", "utagonga" na "utaniua". Wiki iliyopita niliwaacha pale mke wangu aliponirekebishia kila kitu, akaniapisha nisiguse tena.

Jamani, hayo yote yalikuwa cha mtoto.

Siku yenyewe nilikuwa barabarani na mwanafunzi wangu mmoja, mkunga mstaafu, mama mnene wa vicheko aliyepokea nusu ya watoto wa mji kwa mikono yake. Amestaafu ndipo akasema sasa anataka gari. Kwenye usukani ni mwoga kuliko wote niliowahi kufundisha. Gia ya pili kwake ni ndoa, haachani nayo.

"Mama Mkunga, tia ya tatu," nilimwambia.

"Ya tatu ya nini? Kwani tunamkimbiza nani?"

Kabla sijajibu, Shangazi akapiga yowe mfukoni. Nikatoa simu. Nikasoma.

TAHADHARI. MANENO YA HATARI KWENYE SIMU YA MTOTO. NAMBA ISIYOJULIKANA: "Mke wangu njoo peke yako ukitoka shule. Baba yako asijue kabisa. Zawadi yako ninayo."

Gari la kufundishia lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu. Ya kwangu niliikanyaga kwa miguu yote miwili. Tukasimama katikati ya barabara, mkoba wa Mama Mkunga ukaruka hadi kwenye kioo, na nyuma yetu honi zikaanza kututukana.

"Nimemgonga nani?" alilia, macho kayafumba.

"Hujagonga mtu. Soma hii!"

Alivaa miwani, akasoma midomo ikimchezacheza. "Mke wangu njoo... Mwalimu, unaandikiana na mkeo saa za kazi?"

"Si mimi! Kuna mtu anamwandikia hivyo mwanangu!"

"Chiriku? Huyu niliyempokea mimi?"

"Huyo huyo."

Mama Mkunga akavua miwani, na uso wake ukawa si ule wa vicheko tena. "Mpigie," akasema.

Nikampigia Chiriku. Haikuita hata mara moja. Nikakumbuka kwamba juzi tu, licha ya kiapo, nilimwagiza Shangazi azuie simu zote hadi jioni ili mtoto asome. Ujumbe unapita, simu hazipiti. Kwa vidole vyangu hivi hivi! Nikaandika, "Rudi nyumbani sasa hivi." Haukusomwa. Nikampigia mke wangu. Yeye ni mpishi wa hospitali, na jikoni kwao simu haziingii.

Nikafungua ramani. Kidoti cha buluu, ambacho ndicho mwanangu, kilikuwa kimeshatoka shuleni. Hakikuwa kinakwenda nyumbani. Kilikuwa kinaelekea sokoni, mdogo mdogo, bila wasiwasi.

Nimewahi kukaa kando ya wanafunzi waliopanda ukuta na gari, sijaogopa vile. Mtoto wangu ni mmoja tu, jamani.

"Shuka, nishike usukani mimi," nikasema.

Mama Mkunga alinitazama mikono. Ilikuwa inatetemeka kama ya mlevi wa asubuhi. "Thubutu," akasema. "Mtu anayetetemeka simpi mtoto wala gari. Kaa hapo hapo uniambie njia."

"Mama, wewe gia ya tatu huijui!"

"Si unifundishe!"

"Kanyaga klachi! Sukuma juu! Siyo hiyo, hiyo ni ya kurudi nyuma!"

Gari likakohoa, likaruka, likakubali. Tukaenda. Ubao wetu wa juu wenye herufi kubwa ya mwanafunzi ulikuwa unatikisika, na watu wa kando ya barabara walikuwa wanapisha kwa heshima zote, maana gari la mwanafunzi likija kwa kasi hata mbwa anajua hakuna mzaha.

"Kulia!" nikapiga kelele.

"Kulia kwako au kwangu?"

"Tunatazama upande mmoja, Mama! Kulia ni kulia!"

Akakata kulia, akapanda kona ya njia ya miguu, akaomba radhi kwa nguzo ya taa. Hapo Shangazi akapiga yowe la pili.

NAMBA ISIYOJULIKANA: "Nitumie nyingine. Ile ya juzi haitoshi. Sura ionekane vizuri."

Sikumsomea Mama Mkunga. Nilimwonyesha tu kwa mkono, mbele, mbele, na yeye bila kuambiwa akatia gia ya nne, ambayo hata kuitaja sikuwa nimewahi kuitaja mbele yake.

Kidoti kilisimama. Nikakuza ramani, nikaona kimesimama ndani ya uchochoro wa nyuma ya soko, kwenye duka la kinyozi. Mama Mkunga akaliegesha gari pale alipoweza, yaani akauziba mdomo wa uchochoro wote, mbele ukutani, nyuma kwenye pipa la taka. Nikaruka kabla injini haijazimwa.

Niliingia kwa kinyozi kwa bega. Mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo bega halikuwa na kazi, nikajikuta katikati ya chumba nimeshikilia kiti. Kulikuwa na kinyozi na mteja mmoja, povu mashavuni, shuka shingoni.

"Yuko wapi binti yangu?"

"Binti?" Kinyozi aliinua wembe, akaushusha. "Kaka, hapa tunanyoa ndevu."

"Usinifanye mtoto! Ramani inasema yuko hapa!" Nikamvuta mteja shuka. "Ni wewe? Ni wewe unayemwita mwanangu mke wako?"

"Mimi mke wangu yuko kwao tangu mwaka jana!" mteja alilia. "Muulize yeyote! Kaninyima hata salamu!"

Povu lilikuwa limeniingia kwenye shati. Nilikuwa nimemkaba kola, naye ananishika mkono kwa adabu kabisa, akiniomba tukae tuyaongee, niliposikia kicheko. Kilitokea nyuma ya ukuta wa mbao. Kicheko kile nakijua, kinaanza na mlio kama wa filimbi halafu kinamwagika. Alikuwa Chiriku. Shangazi alikuwa amekosea mlango mmoja tu.

Nikamwachia mtu wa watu. Nikatoka, nikaingia mlango wa pili.

Kilikuwa kibanda cha fundi simu. Meza ya kioo, taa yenye shingo ndefu, simu zimepasuliwa matumbo, skrubu ndogo kama mbegu za nyanya zimepangwa kwenye vifuniko vya chupa. Fundi mwenyewe, kijana wa miwani minene, alikuwa ameinama anapuliza vumbi. Kwenye benchi alikaa Chiriku na sare zake za shule, anamumunya peremende. Na kando yake, amevaa kofia yake ya kutokea, simu mpya ya kioo ameishika kichwa chini miguu juu, alikaa baba yangu mzazi.

"Hodi hupigi?" Baba aliniuliza. Kisha akatabasamu kwa meno yote yaliyobaki. "Karibu, mkwe."

Mkwe! Hapo ndipo ukweli uliponishukia wote kwa mpigo. Tangu Chiriku amezaliwa, Baba hajawahi kumwita kwa jina. Ni mke wangu, ni bi mdogo, ni mchumba, kama babu yeyote na mjukuu wake wa kike. Na mimi niliyemzaa bibi harusi, utani wake kwangu ni mkwe. Maneno hayo nayasikia kila asubuhi uani kwangu nikipiga mswaki. Ila yalipokuja kwenye kioo, yameandikwa na Shangazi kwa herufi nyekundu, sikuyatambua hata kidogo.

"Baba," nikasema, "ni wewe uliyemwandikia aje peke yake?"

"Nani mwingine? Huyu ana waume wangapi?"

"Na mimi nisijue?"

Baba aliitazama simu yake. Huyu, kwa asiyemjua, ni fundi muashi mstaafu aliyetangaza mbele ya ukoo mzima kwamba anayepapasa kioo na kucheka peke yake ni wa kupelekwa kwa daktari. Siku Chiriku aliponunuliwa simu alisusa chakula cha mchana.

"Ungenicheka," akasema polepole. "Nimeinunua kimya kimya. Bi mdogo ndiye ananifundisha, na huyu kijana anatuazima benchi. Vidole vyangu vimezoea mwiko, mwanangu, kimoja kinabonyeza herufi tatu. Huo ujumbe mmoja nimeuandika tangu asubuhi."

"Na zawadi?"

Chiriku alinionyesha ulimi, mwekundu wa peremende. Simu yake ilikuwa imelala mezani kwa fundi, inachajiwa, ujumbe wangu haujafunguliwa.

Nilikaa chini pale pale sakafuni, nikacheka. Nilicheka hadi machozi, na katikati ya kucheka nikagundua kwamba machozi yenyewe si ya kucheka. Chiriku akashuka kwenye benchi, akanipangusa povu shingoni.

"Baba, umenyolewa?"

"Nyamaza wewe. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo."

Mama Mkunga alikuwa amefika mlangoni, ufunguo wa gari mkononi, anahema. "Ndiye huyu mume?" akauliza.

"Ndiye mimi, mama," Baba alijibu, akivua kofia. "Ila sema kwa sauti ndogo, mwenyewe ana wivu."

"Babu, leo nakupa talaka," Chiriku akasema, na kibanda kizima kikaangua kicheko, hata fundi akaangusha bisibisi.

Ningeishia hapo, leo mngelala vizuri na mimi ningelala vizuri. Lakini mdomo wangu haujawahi kujua mahali pa kusimama. Nilitaka kumtania mzee, nilipe kisasi cha ile nguzo ya taa tuliyokaribia kuigonga. Nikafungua simu.

"Haya, bwana harusi, tueleze na hili la pili. Picha unazoomba ni za nini? 'Nitumie nyingine, sura ionekane vizuri.' Macho yameanza kukufa?"

"Picha gani?" Baba akauliza.

"Hii hapa. Umeiandika sasa hivi tukiwa njiani."

"Mimi?" Aliinua simu yake, akagundua iko kichwa chini, akaigeuza. "Mwanangu, mimi kitu hiki hata kukizima sijui. Kuandika 'njoo' kumenichukua asubuhi nzima, hilo lote nimeliandika saa ngapi?"

Nilimtazama fundi. Fundi akatikisa kichwa. Nilimtazama Chiriku, naye alikuwa ameacha kumumunya.

Shangazi, mjue, kila namba ambayo mzazi hajaiidhinisha huiita isiyojulikana. Kwa Shangazi babu na mwizi wana jina moja. Zilikuwa namba mbili, mimi nikazisoma kama mtu mmoja.

"Chiriku," nikasema. "Nani anataka picha?"

Mtoto anayeongea hadi usingizini akaanza kukunja karatasi ya peremende. Baba akamshika bega. "Bi mdogo," akasema, na sauti yake haikuwa ya utani, "yule rafiki yako uliyeniuliza habari zake juzi. Aliyetuma picha kwa mtu asiyemjua. Rafiki huyo ni wewe?"

Akaitikia kwa kichwa.

Yakatoka kidogo kidogo. Kuna mchezo wa kujenga nyumba mtandaoni, wanajenga wengi, wanaandikiana. Mmoja anajiita Dada Nyota. Ni mwema, anamsaidia kupandisha kuta, anasema naye yuko darasa la saba shule nyingine. Wakapeana namba. Akaomba picha ya sare, walinganishe sare. Chiriku akatuma moja, kasimama geti la shule. Kisha akaomba nyingine, na nyingine tena, na Chiriku akakataa.

"Ukakataa?" Mama Mkunga akadakia. "Vizuri sana, mwanangu. Halafu?"

"Akasema nisipotuma ataniumbua."

"Atakuumbua kwa nani?"

Chiriku aliniangalia mimi. "Kwa Baba."

"Kwangu?" nikauliza. "Akiniambia, itakuwaje?"

"Akikwambia naongea na watu nisiowajua, utaifunga simu. Utafunga mchezo. Utafunga kila kitu, Baba. Wewe kitu kikikutisha unakifunga. Ndiyo maana nilimuuliza Babu."

Jamani wasomaji, nimepigwa mengi wiki hizi, lakini hilo lilinipata chini ya mbavu. Mtu yule alikuwa anamtisha mwanangu, na kitu cha kumtishia nacho kilikuwa mimi. Nilikuwa nimezungusha kufuli kila upande, kumbe mtoto alikuwa ndani na mwizi, na mlango anaoogopa kuugonga ulikuwa wangu.

Nilipiga magoti ili macho yetu yalingane. "Sikufungii kitu," nikamwambia. "Sikugombezi. Hujakosa. Aliyekosa ni yeye. Umenisikia?"

"Hata mchezo?"

"Hata mchezo. Utanifundisha, tutajenga wote."

"Wewe utabomoa," akasema, na kidogo kile kicheko cha filimbi kikachungulia.

Mama Mkunga hakuwa na muda wa kulia nasi. Alishaweka mkoba mezani. "Msifute kitu. Msimjibu. Kila alichoandika kinabaki hapo hapo hadi polisi wakione. Kijana, unaweza kupiga picha kioo chake?"

"Chote, tangu ujumbe wa kwanza," fundi akasema, akavuta taa yake karibu.

Baba alikuwa amesimama, kofia mkononi, mzee mzima amekunja ngumi zake za uashi bila kujua azipeleke wapi. Nikachukua simu ya Chiriku mezani nimpe fundi. Ikatetemeka mkononi mwangu.

Yowe la Shangazi lilichelewa kidogo mfukoni kwangu. Maneno hayakuwa ya hatari sana, nadhani hata yeye alisitasita. Nilimpa Chiriku simu yake. Aliitazama, akanirudishia mwenyewe, kwa mikono miwili.

"Soma wewe, Baba."

Nikasoma. Nikasoma tena.

"Naona leo umekuja na baba yako. Mwambie gari lake limetuzibia njia."

Niliinua kichwa. Kwenye mlango wa kibanda palikuwa pamejaa watu waliokuja kuona mwendawazimu wa kwa kinyozi. Kinyozi mwenyewe, mteja wake aliyenyolewa shavu moja, wachuuzi wa soko, madereva wawili walioshindwa kupita, wanafunzi wa sare mbalimbali. Wote walikuwa wanacheka, na karibu wote walikuwa wameshika simu wanaturekodi.

Chiriku aliukamata mkono wangu, akaubana hadi ukauma.

"Baba," akaninong'oneza, "usigeuke haraka. Mmoja wao namjua."